Lisansi ya bei ya chini inafuata masini, haifuate mutu

Siku ile tulikaa meza moja na wakubwa wa kampani. Sisi madelege wa sendika tulikuwa sita upande huu, wao wane upande ule. Mazungumzo yalikuwa juu ya saa za usiku za bandugu 42, wachimbaji na madereva, waliosimamishwa kazi na kampani ndogo iliyowakodisha kwa mwenye shimo. Miezi mitatu tulikusanya karatasi za mushahara, moja moja, kutoka kwa bamama waliozilinda ndani ya Biblia, chini ya matela, kwenye masanduku ya nguo. Hesabu yote tuliiandika katika ordinatere ya biro yetu, na siku ile tukaitupa kwenye ukuta kwa masini ya picha, kila mutu aone.

Mutu wa kampani hakuangalia hesabu. Aliangalia kona ya chini, upande wa kuume. Pale palikuwa maandishi ya rangi ya majivu yanayosema kwamba Windows yetu haijahakikishwa. Akacheka kidogo. Akasema: « Mabwana, munakuja kutufundisha kuheshimu kontra, na ninyi wenyewe munatumia programu ya wizi? » Wenzake nao wakacheka. Mzee wetu mumoja akajibu: « Tuliilipa, bwana. Fakitire iko. »

Fakitire iko kweli, mpaka leo. Lakini jibu lile halikutosha. Asubuhi nzima tulijitetea sisi wenyewe pahali pa kutetea bandugu, na mazungumzo yakasukumwa juma mbili mbele. Bamama waliokuwa wanangoja inje, kwenye jua, tuliwaambia nini? Tuliwaambia « tutarudia ». Hatukuwaambia kwamba mambo yaliharibika juu ya maneno matatu kwenye kona ya ukuta.

Kisha pale tukakaa chini tukasoma. Yale tuliyoyaelewa tunayaandika hapa, kwa sababu katika kambi zetu kuko vijana wengi wanaounga ordinatere, na wazazi wengi wanaotoa makuta ya kuzinunua.

Namna tulivyounga masini yetu

Laptop mupya ni bei kubwa. Ile ya kuunga kwa vipande inasaidia: kasha unapata Lubumbashi, disiki na memwari unanunua kidogo kidogo, karte mere (ile sahani kubwa ya ndani inayoshika vipande vyote) inaletwa na wafanya biashara wanaotoka Dubai. Kipande kikikufa, unabadilisha kile kimoja tu. Kijana wa mwenzetu mumoja wa shimo aliunga masini ile kwa siku mbili, akalipwa soda na asante.

Ikabaki programu ya musingi, ile inayoamsha masini na kuendesha zingine zote. Muuzaji alituambia: « Papa, ile ya kiboiti ni ya watajiri. Miye niko na ufunguo wa dola 15, original, utakamata tu. » Kule Marekani, Microsoft yenyewe inauza Windows 11 ya nyumbani karibu dola 139, na ile ya kazi karibu dola 200. Mbele ya bei hiyo, nani angekataa dola 15? Tulilipa. Ufunguo ulikuwa umeandikwa kwa bic kwenye kipande cha karatasi. Ulikamata kweli.

Miezi saba ikapita. Usiku mumoja umeme ulienda, ukarudi kwa nguvu, karte mere ikaungua. Tukanunua ingine, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza, maana bei yao ilikaribiana. Masini ikaamka. Lakini Windows ikaanza kutuandikia kwenye kona kwamba haijahakikishwa. Tukasema: si inafanya kazi? Tuiache. Njo vile tuliingia nayo mbele ya wakubwa.

Nyumba ya kazi na nyumba yako

Lisansi maana yake ni ruhusa ya kutumia. Mutu ananunua ruhusa, programu inabaki ya mwenyewe aliyeitengeneza. Na ruhusa za Windows ziko namna tatu kubwa.

Ya kwanza ni ile ya dukani, ya kiboiti. Bei yake ni ya juu, lakini inamufuata mununuzi. Ukibadilisha masini, unaitosha kwenye ile ya zamani na kuiweka kwenye mupya.

Ya pili inaitwa OEM. Hii Microsoft inaiuza kwa punguzo kwa wale wanaotengeneza masini: viwanda vikubwa kama HP na Dell, na pia waungaji wadogo. Inawekwa kwenye masini mupya, inauzwa pamoja nayo, na inakufa pamoja nayo.

Ya tatu ni ya kampani na mashule, ufunguo mumoja kwa masini mingi. Na hiyo, kwa Windows za mezani, ni ya kupandishia tu: masini inapaswa kuwa tayari na Windows yake ya halali chini.

Sisi watu wa kambi tunaelewa vizuri tofauti ya ile ya kwanza na ya pili. Wazazi wetu walikaa katika nyumba za kampani. Nyumba ilikuwa nzuri, maji yalikuwa, makuta ya kukodi ilikuwa kidogo ao hakuna. Lakini nyumba ilifuata kazi. Siku kazi inaisha, unatosha vitanda. Yule aliyejenga kwenye lupango yake mwenyewe alitoka jasho mingi zaidi, lakini hakuna aliyekuja kumuambia ahame. Lisansi ya OEM ni nyumba ya kazi. Lisansi ya dukani ni lupango yako. Hakuna ubaya kukaa katika nyumba ya kazi. Ubaya ni kukaa ndani na kufikiri kwamba ni lupango yako.

Karte mere njo masini

Tuliuliza: kama lisansi inafuata masini, masini ni nini? Tukibadilisha disiki, ni masini ingine? Tukiongeza memwari? Kanuni ya Microsoft inajibu: unaweza kubadilisha karibu kila kitu, disiki, memwari, kisanduku cha umeme, kasha, na masini inabaki ile ile. Kitu kimoja tu njo roho yake: karte mere. Ukiibadilisha ili upate yenye nguvu zaidi, mbele ya kanuni umezaa masini mupya, na lisansi ya OEM ya zamani haina kazi hapo tena.

Kuko tofauti moja, na tunaomba kila kijana anayeunga masini aishike. Kama karte mere imekufa yenyewe, kwa ugonjwa wake, unaweza kuweka ingine ya namna ile ile, ao ile ambayo kiwanda kinasema inalingana nayo, na lisansi inaendelea. Karte yetu ilikufa yenyewe. Tungetafuta ya namna ile ile, tungekuwa na neno la kusema. Sisi tulikamata yenye nguvu zaidi, na hatukuwa na karatasi hata moja ya lisansi, paka ile ya bic. Kosa hilo ni letu.

Namna masini inajua imebadilishwa, si uchawi. Tangu Windows XP, mwaka 2001, programu inaangalia vipande vya ndani, inafanya alama, na kuongea na Microsoft kwa intaneti. Alama ikibadilika sana, inaomba kuhakikishwa tena. Tangu mwaka 2016, Windows 10 inaweza kufungwa pamoja na konti yako ya Microsoft, na hiyo inasaidia kuhakikisha tena kisha matengenezo. Lakini haigeuze OEM kuwa ya dukani.

Muungaji analipa nini?

Kwa nini OEM ni ya bei ya chini? Sababu moja ni ile kamba ya karte mere. Sababu ya pili iko kwenye kazi ya kusaidia mununuzi. Kwa lisansi ya dukani, ukipata shida, unauliza Microsoft. Kwa OEM, Microsoft inasema: uliza yule aliyeunga masini. Yeye alipewa punguzo, yeye abebe mzigo.

Bandugu, muziki huu tunaujua. Mufanyakazi wa kukodishwa akivunjika mukono ndani ya shimo, mwenye shimo anasema: uliza kampani iliyokuandika. Kampani iliyokuandika inasema: uliza mwenye shimo. Kwa ordinatere, kama uliinunua kwa fundi mwenye duka na fakitire, uko na mulango wa kupiga. Kama uliiunga mwenyewe, basi wewe njo patro na wewe njo mufanyakazi. Ukipiga mulango, unajifungulia mwenyewe.

Na kwa miaka mingi swali lilikuwa hili: mutu anayeunga masini kwa nyumba yake, bila kuiuza, ana haki ya kununua OEM? Watu wengi Ulaya na Marekani walikuwa wanainunua hivyo, na maduka yalikuwa yanawauzia bila kuuliza. Lakini wakati wa Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, kontra ya waungaji ilikuwa inadai masini iuzwe kwa mutu mwengine. Anayejiungia mwenyewe alikuwa inje ya kanuni, hata kama alilipa bei yote. Mwaka 2012, na Windows 8, Microsoft iliandika wazi ruhusa ya matumizi ya mwenyewe kwa lisansi za waungaji. Kitu kile kile ambacho jana kilikuwa kosa, leo kikawa ruhusa. Fundisho kwetu: kanuni inabadilika kwa kila Windows. Soma karatasi ya ile uliyonunua, usisome ya jirani.

Funguo za dola 15 zinatoka wapi?

Kuko mama mwalimu katika kambi yetu, naye alinunua ufunguo wa bei ile ile kwa masini ya watoto. Ulikamata, kisha miezi sita ukalala. Tuliangalia pamoja naye. Ilikuwa lisansi ya namna ya tatu, ya kampani. Moja ya hizo inafanya kazi hivi: masini inahakikishwa kwa siku 180, na mbele siku hizo ziishe inapaswa kuonana tena na masini kubwa ya kampani iliyonunua. Mama mwalimu hana masini kubwa ya kampani ya watu. Siku zikaisha.

Funguo zingine zinatoka kwenye masini ya zamani iliyotupwa Ulaya. Huko mambo yalifika hata tribinali. Mwaka 2000, tribinali kuu ya Ujerumani ilisema kwamba Microsoft haiwezi kumuzuia muuzaji asiuze OEM peke yake bila masini, maana yeye hakusaini kontra ya waungaji. Mwaka 2012, tribinali ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema mutu aliyenunua programu kwa matumizi yasiyo na mwisho anaweza kuiuza tena. Lakini iliweka masharti: muuzaji afute ile ya kwake, na asikate lisansi ya kundi vipande vipande. Sharti hilo la pili wauzaji wengi wanalisahau. Hukumu hizo ni za Ulaya. Muuzaji wa sokoni hapa Katanga akikuambia « ni halali, tribinali ilisema », muulize tribinali ya wapi, na kwa karatasi gani.

Kwa hiyo, je, sisi tulikuwa wezi? Hatukuiba kitu. Tulimulipa mutu kwa kitu ambacho hakuwa na haki ya kuuza. Tulirudi kwake. Alituambia kwamba naye alikinunua vile vile, kwa simu, kwa mutu asiyemujua. Dola 15 hazikurudi. Kama vile mutu ananunua lupango kwa mutu asiye na karatasi: jasho lako ni la kweli, lakini nyumba si yako.

Maulizo ya kufanya mbele ya kulipa

Haya tunayaweka wazi, mama ao papa ayakate na kuyaweka kwenye mufuko.

1. Uliza: lisansi hii ni ya dukani, ya OEM, ao ya kampani? Muuzaji asiyejua kujibu, usimupe makuta.

2. Kama ni OEM, uliza nani aliyeunga masini na kama ataandika jina lake kwenye fakitire. Yeye njo utamurudilia.

3. Omba kiboiti ao karatasi yenyewe, si ufunguo wa kuandika kwa mukono ao wa kutumwa kwa simu.

4. Kama unanunua laptop ya okazyo ya HP, Dell ao ingine ya kiwanda, usikimbilie ufunguo. Tangu wakati wa Windows 8, viwanda vikubwa vinaandika ufunguo ndani ya karte mere yenyewe. Mara mingi masini iko tayari na lisansi yake, na ukiweka tena Windows ya namna ile ile inajihakikisha yenyewe. Lakini usiutoshe ufunguo ule kwenda nao kwenye masini ya kuunga. Ni wa pale.

5. Kama masini iko tayari nyumbani, ipime. Bonyeza alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /dli, bonyeza tena. Kisanduku kitafunguka. Ndani utaona neno RETAIL kwa ya dukani, OEM kwa ya masini, ao VOLUME kwa ya kampani. Ukiona VOLUME kwenye masini ya nyumba yako, ujue uko katika nyumba ya watu.

Njia ingine, isiyo na ufunguo

Kuko neno ingine la haraka. Microsoft ilifunga matengenezo ya kawaida ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai masini yenye vipande vya ulinzi ambavyo masini mingi yetu ya okazyo haina. Kwa hiyo wengi watauziwa ufunguo mupya wa kitu ambacho hakitengenezwi tena.

Sisi, kwa biro ya sendika, tulikamata njia ingine: Ubuntu. Ni programu ya musingi ya bure, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004, ilianzishwa na Mark Shuttleworth, mutu wa Afrika ya Kusini. Jina lake linatoka katika luga za kule, na sisi tunalisikia bila kutafsiriwa: ni bumuntu, ni utu. Lisansi yake inakuruhusu kuiweka kwenye masini moja ao makumi, kubadilisha karte mere mara unavyotaka, kumupa jirani kopi. Hesabu na barua tunaandika na LibreOffice, nayo ya bure.

Hatuseme kwamba kila kitu kilienda laini. Majedwali yetu yalipofunguliwa mara ya kwanza, mistari ilihama, na mama sekretere wetu alikasirika juma moja nzima. Makatasi ya kuchapa ilibidi tuyapange upya. Lakini hesabu za saa za usiku zilibaki zile zile mpaka falanga ya mwisho. Na kijana wetu anayesoma mambo ya mine, programu yake ya kuchora inadai Windows. Kwa yeye, familia yake iliweka makuta pamoja miezi mitano, ikanunua lisansi ya dukani. Bei iliuma. Lakini karte ikiungua kesho, lisansi itahamia naye.

Shaba inayotoka kwetu iko ndani ya nyaya za masini hizo, na kobalti ya Kolwezi iko ndani ya betri za laptop. Sisi tunaotosha vitu hivyo chini ya udongo tunavinunua tena kwa bei ya kujinyima, na juu yake kunabandikwa kontra ambayo hakuna aliyetusomea. Katika sendika tunawaambia vijana kila siku: usisaini kontra ya kazi mbele ya kuisoma, uliza ni ya muda gani, uliza nani atakujibu siku ya shida. Maulizo ni yale yale mbele ya muuzaji wa ufunguo.

Kisha juma mbili tulirudi kwenye meza ile. Tuliitupa hesabu kwenye ukuta. Mutu wa kampani aliangalia kona ya chini, upande wa kuume. Hapakuwa kitu. Basi akalazimika kuangalia hesabu. Hakukubali zote. Sasa dosiye ya bandugu 42 iko kwa inspekta wa kazi, na tunaifuata kila juma. Mwenye karatasi za mushahara ambaye hajazileta, azilete.